Jinsi ya kukutana na watu ukiwa mmisionari kijana Uganda

Wito umefika, umeandikwa Misheni ya Uganda Kampala, nawe hata ndevu hazijakomaa. Nyumbani wameanza kukuuliza watu wa huko watakupokeaje. Wajibu kwamba watakupokea vizuri mno, na hapo ndipo kazi yako inapoanzia. Nairobi, asiyetaka habari zako anakupita kama hajakuona. Kampala anasimama, anakuuliza umelalaje, anasikiliza mpaka mwisho, anapokea kadi yako kwa mikono miwili, anasema Jumapili atafika. Jumapili inakuja, kiti chake kitupu. Amekuheshimu tu kama mgeni. Kwa hiyo kupata watu wa kuzungumza nao si shida Uganda. Shida ni kumtambua aliyekukubalia kwa adabu na aliyekukubalia kwa moyo, na kumpa huyu wa pili nafasi ya kusema anachotaka.

Haya ni kwa vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho wanaotumwa huko, wazee, yaani wamisionari wa kiume, kwa miezi 24 na akina dada kwa miezi 18, hasa wanaotoka kwenye nchi za Kiswahili. Masomo yenyewe utafundishwa kwenye kituo cha mafunzo. Hapa ni habari za barabarani, kwenye baraza na chini ya miembe.

1. Jua unaingia na lugha gani

Kiswahili kiliingizwa kwenye katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hilo lisikudanganye. Buganda, watu wengi wa umri wa bibi yako walikizoea Kiswahili kikitoka kinywani mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani enzi za Idi Amin. Ukimwanza na shikamoo yako nzuri ya nyumbani, anaweza kukunyamazia kwa sababu zilizokuwepo kabla hujazaliwa. Kampala, Mukono, Masaka na Entebbe anza na Kiganda, hata kama unajua maneno kumi tu. Kiingereza kifuate. Kiswahili kiweke mfukoni mpaka mwenyeji akitoe yeye.

Busia, Malaba, Gulu na Arua mambo ni tofauti. Huko Kiswahili ni cha sokoni na hakuna anayekikunjia uso. Jinja iko katikati: mtaa kama Walukuba umejaa watu wa makabila mengi waliofuata kazi za viwandani, na Kiswahili kinapita bila shida. Kisha kuna Wakongo. Katwe na Nsambya, mjini Kampala, utakutana na familia zilizotoka Kivu ambazo Kiganda bado kinawapa taabu, na mama akisikia "Jambo mama" anakuletea kiti kabla hujasema umetoka wapi. Kaa, zungumza, uliza watoto wanasoma wapi. Usiulize walikimbia nini. Atakayetaka kukuambia atakuambia, pengine baada ya miezi. Na usijipeleke kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale kwa sababu tu umesikia Kiswahili kinazungumzwa huko. Kuingia kule kunahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, na hilo ni la rais wa misheni, msimamizi wa wamisionari wote wa huko, kuamua.

2. Jifunze salamu kabla ya ujumbe

Salamu za Uganda ni ndefu, na anayezikatisha ameshaonekana hakulelewa. Kwa Kiganda, asubuhi ni "Wasuze otya, ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mwanamke. Kuanzia mchana ni "Osiibye otya". Wakiwa wengi, "Mwasuze mutya". Busoga sema "Koodheyo", Mbale kwa Wagisu "Mulembe", Soroti kwa Wateso "Yoga", Gulu kwa Waacholi "Itye nining?" nawe ukiulizwa ujibu "Atye maber". Mbarara ni "Agandi", na jibu lake "Ni marungi".

Lakini kama kichwa chako kina nafasi ya neno moja tu wiki ya kwanza, liwe "Gyebale ko". Ni pole na pongezi kwa mtu aliye kazini, na Uganda kila mtu yuko kazini: anayechoma mahindi, anayeshona viatu, anayepalilia, dereva wa boda anayengoja abiria. Utaisema mara mia kwa siku. Aliyeambiwa hivyo na mgeni hugeuka akamtazama, na akikutazama mazungumzo yameshaanza.

Baada ya salamu, usirukie Kitabu cha Mormoni. Uliza kazi inaendaje, mvua ikoje, watoto hawajambo. Wenzetu wanaotoka Marekani huona huku ni kupoteza muda. Wavumilie, na ukiwa umepangwa na mmoja wao, mwambie mapema kwamba dakika hizo ndizo mwenyeji anazitumia kukupima.

3. Pita kwa mwenyekiti

Kila mtaa na kila kijiji Uganda una baraza la LC1, serikali ya mtaa ya ngazi ya chini kabisa, na mwenyekiti wake. Akipotea mtoto, akifika mpangaji mpya, wakigombana majirani, kwake ndiko watu wanakokwenda. Ukihamishiwa eneo jipya, wiki hiyohiyo mtafute mshiriki mwenyeji, yaani muumini wa Kanisa letu wa hapo, awapeleke kwake. Mjitambulishe, mseme mnaishi wapi na mnafanya nini, basi. Msimhubirie siku hiyo asipouliza. Kuna siku jirani atanong'ona, "Hawa vijana wenye beji nyeusi wanaoingia nyumba za watu ni nani?" Ni vizuri awepo mtu mzima wa kujibu kwamba anawajua. Tembea na kitambulisho au nakala ya pasipoti na kibali chako.

Na viatu. Vumbi jekundu la Uganda likikauka ni unga, likilowa ni gundi, lakini watu wa huko wanafuta viatu kabla ya kuingia ofisini, kanisani au nyumbani kwa mtu. Beba kitambaa kwenye mkoba.

4. Watafute walipo, kwa saa zao

Kugonga milango asubuhi vijijini ni kuwakosa wote. Wako shambani mpaka jua likali. Mjini, kuanzia saa saba mpaka saa tisa mchana, wenye maduka na saluni hawana wateja na hawana pa kwenda. Huo ni wakati mzuri. Jioni, tangu saa kumi na moja, familia zinarudi. Giza huingia kama saa moja mwaka mzima, kwa kuwa nchi iko kwenye ikweta, kwa hiyo usipange ziara ya mbali saa kumi na mbili na nusu ukadhani utarudi kwa mwanga.

Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zitakuharibia miadi mingi. Ikinyesha hakuna anayetoka, wala hakuna anayeona sababu ya kuomba radhi. Lakini mvua hiyohiyo ikikukuta kwenye baraza ya duka pamoja na watu wengine sita, nyote mmefungwa hapo, na hakuna anayedhani umemfuata. Nimeona urafiki mwingi wa kweli ukianzia barazani namna hiyo kuliko kwenye milango tuliyogonga kwa mpango.

Kwenye taksi, hizi za abiria kumi na wanne, usihubiri kwa sauti. Wahubiri wa mabasini wapo tayari, na watu wamewachoka. Zungumza na wa pembeni yako tu, kwa sauti ya watu wawili. Sokoni, nunua kitu kabla hujafungua mdomo, simama pembeni ya meza, na mteja akija sogea. Mama wa nyanya anayepoteza mteja kwa ajili yako hatakuambia, ila kesho akikuona kwa mbali atainama kupanga mafungu yake. Kwenye steji ya boda utapata vijana wengi wenye maswali makali na muda mwingi; salimia wote, usichague mmoja. Ama kupanda boda, fuata kanuni ya misheni yako hata kama umechelewa.

Njia inayozaa kuliko hizi zote ni washiriki. Usimwambie mshiriki "tupe majina". Swali hilo linamtia aibu. Muulize nani mtaani amejifungua, nani amehamia, nani anaumwa, kisha mwende naye kuwasalimia. Mgeni aliyeletwa na jirani hana haja ya kujieleza sana.

Halafu kuna jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe lishike siku ya kwanza. Ukimuuliza mwenyeji "tukusaidie?" atasema hapana, maana mgeni hafanyishwi kazi. Maliza salamu, okota jembe la pili lililoegemezwa mgombani, uingie kwenye mstari. Au chukua dumu moja la maji kati ya mawili aliyobeba binti yake. Watacheka unavyolima. Waache wacheke; kicheko hicho kitasimuliwa kisimani, na ukipita tena utaitwa kwa jina.

Matanga ni habari nyingine. Akifa mtu mtaani, kazi zinasimama, na nawe simama. Nenda, kaa chini na watu, saidia kubeba viti na kuni, toa rambirambi kidogo kama wenzako wanavyotoa. Kadi na vijitabu vibaki nyumbani. Vivyo hivyo tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, mahujaji wanapojaa barabara za kwenda Namugongo, wengine wametembea kutoka wilaya za mbali kuwakumbuka vijana waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga miaka ya 1885 hadi 1887. Wape maji ukiweza. Siku hiyo ni yao.

5. Namna ya kuingia nyumbani na kula

Ukifika uani, ita "Koodi!" usimame pale ulipo mpaka usikie sauti. Vua viatu mlangoni. Kaa unapoonyeshwa, kiti au mkeka. Buganda, mwanamke au binti anaweza kupiga magoti kukusalimia, hata kama wewe una miaka kumi na tisa na yeye ni mama wa watu. Usimshike mkono kumwinua, usicheke, usianze mjadala wa haki. Inama kidogo, jibu kwa upole, zungumza naye kama mama yako.

Kama aliye nyumbani ni mwanamke peke yake nanyi ni wazee wawili, msiingie. Ombeni kukaa nje, kwenye baraza au kivulini, mnapoonekana na wapitao. Akina dada kwa mwanamume aliye peke yake, vivyo hivyo. Watoto nao watawafuata kwa nyimbo tangu barabarani. Wapungieni, lakini msiwafundishe bila mzazi kuwepo na kukubali, wala msiwe na mtoto peke yake hata kwa dakika moja.

Chakula kikija, kula. Matoke, posho (ugali wa huko) na maharage, viazi vitamu na mchuzi wa karanga havina tatizo lolote na Neno la Hekima, kanuni yetu ya afya. Tatizo ni chai, kwa sababu chai ya maziwa yenye tangawizi ndiyo heshima ya kwanza ya mgeni karibu Uganda nzima. Siri ni kuwahi. Ukisubiri kikombe kiwe mkononi ndipo ukatae, umemwaibisha. Ukisikia sufuria linasuguliwa jikoni, sema mapema na kwa furaha: "Mama, sisi chai hatunywi kwa ajili ya imani yetu, lakini maji ya moto tunayapenda kweli, na uji pia." Taja kitu ambacho hakika anacho. Usiseme tu "hapana asante", maana atamtuma mtoto dukani kununua soda kwa pesa ya sukari ya kesho. Ankole watakupa maziwa, yapokee. Ukipewa bushera, kinywaji cha nafaka, uliza kama ni tamu au imeshachachuka. Na wanaume wa kijiji waliozunguka chungu cha malwa, pombe ya kienyeji, kwa mirija mirefu, kule Teso na Mbale, wasalimie kwa heshima zote, ila usivute kiti.

6. Tenganisha "kale" na ndiyo

Utasikia "kale" mpaka uiote. Inaweza kuwa nimekubali, nimesikia, au sasa nendeni mvua inakuja. Usiandike kwenye ripoti kwamba mtu ameahidi kuja kanisani kwa sababu alisema kale.

Mimi nilitazama mambo mengine. Je, anauliza maswali, au anakubali kila kitu? Anayekubali kila kitu, pamoja na vile ambavyo hajaelewa, anakungojea umalize. Anayebisha kidogo, akasema "lakini padri wetu anasema hivi", ameshaanza kufikiri. Je, amemwita mumewe au dada yake aje asikie? Je, amekubipu siku ambayo hamkuwa na miadi? Je, mmemkuta nyumbani kweli saa mliyopatana? Hayo yana uzito kuliko maneno.

Zaidi ya yote, angalia kinachotokea mkiaga. Mwenyeji wa Uganda hamwachi mgeni mlangoni, humsindikiza mpaka njiani. Vijana wengi huona hapo somo limeisha, wanaharakisha kwenda miadi inayofuata, wanamwambia "usijisumbue mama". Mwache ajisumbue. Ndani mlikuwa na wakwe, wapangaji na redio ya jirani. Njiani kuna nafasi. Ndipo utakaposikia kwamba mwanawe amefungwa, kwamba ameacha kusali tangu mumewe afariki, au kwamba hataki mje tena ila hakujua aseme vipi mbele ya watu. Punguza mwendo. Panga ratiba yako ukiacha muda wa kusindikizwa baada ya kila nyumba, hata kama unapunguza idadi ya ziara. Asipokusindikiza kabisa, umejibiwa.

Na mtu akikukataa, ama kwa mdomo ama kwa kutokuwepo mara tatu, endelea kumsalimia vilevile. Mtaa mzima unaangalia kama salamu yako ilikuwa na bei.

7. Maswali utakayoulizwa

Kwa sensa ya 2014, Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 39, Waanglikana 32, Waislamu karibu 14, Wapentekoste 11. Maana yake kila unayekutana naye ana kanisa au msikiti, na mara nyingi ana shangazi anayeimba kwaya huko. Usianze kwa kuonyesha kasoro za mahali alipobatizwa. Mlokole atakuuliza papo hapo, "Umeokoka?" Mjibu imani yako kwa Yesu Kristo kwa maneno ya kawaida kabla ya kueleza tofauti. Kwa Mwislamu, salamu na ujirani havina mpaka, lakini kabla ya kufikiria masomo zungumza na rais wa misheni. Familia yake ndiyo itakayobeba matokeo.

"Si ninyi mnaooa wake wengi?" Mwambie ukweli: ilikuwepo, Kanisa likatangaza kuiacha mwaka 1890, na leo anayeoa wa pili hutengwa. "Si ninyi mliokuwa mkiwabagua weusi?" Hili vijana wa Kiafrika wataulizwa zaidi, tena na wasomi. Usilizungushe. Kwa miaka mingi wanaume wenye asili ya Kiafrika hawakupewa ukuhani, na mwaka 1978 zuio hilo likaondolewa. Sema hivyo, kisha mwache aseme anavyojisikia. Wamisionari walifika Uganda mwishoni mwa 1990, misheni ya Kampala ikaundwa 2005 kutoka ya Nairobi, na kigingi cha kwanza, yaani muungano wa sharika kadhaa, kikaundwa Kampala 2010 kikiongozwa na wenyeji. Hilo linasaidia kuliko hoja nyingi.

"Mnalipwa kiasi gani?" Hamlipwi. Litarudi sana, kwa sababu linaandaa swali linalofuata: karo ya mtoto, nauli, viza ya Marekani. Jibu moja kwa moja siku ileile: "Mama, hatuna pesa za kutoa na hatuwezi kumpeleka mtu nje." Ukisema "tutaona", umempa tumaini usilonalo, na mtu atabatizwa akingoja. Shida ya kweli ya chakula au ugonjwa mpelekee askofu au rais wa tawi, kiongozi wa usharika wa hapo. Usiitatue kwa mfuko wako.

Akina dada watapata maswali yao, hasa ya namba ya simu na mahari. Toeni namba ya simu ya misheni pekee, mseme mko kazini mpaka tarehe fulani, mwondoke pamoja. Saluni na kisimani mtaheshimiwa haraka kuliko wazee. Tumieni nafasi hiyo.

8. Kabla ya kufikiria ubatizo

Mtoto hawezi kubatizwa bila ruhusa ya wazazi, wala mke bila ridhaa ya mume, wala mume bila ya mke. Kwa hiyo mtafute mwenye nyumba mapema, hata kama anarudi usiku na hana hamu. Wanaoishi pamoja bila ndoa inawabidi waoane kwanza, na hapo utagundua wengi wana watoto wanne na bado hawajafanya kwanjula, sherehe ya kutambulishana koo kabla ya ndoa, kwa sababu ya gharama. Usiwaite wazinzi. Waache watu wazima wenyeji wa usharika wazungumze nao kuhusu ukoo, na waelekeze kwenye ndoa ya kiserikali katika ofisi ya usajili Kampala au kwa mkuu wa utawala wa wilaya yao.

9. Andika ili mwingine awapate

Uhamisho huja kila wiki sita, na simu ya kukuhamisha haitangoja uage. Nyumba nyingi hazina namba wala barabara haina jina. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za eneo usiandike "karibu na soko". Andika: shuka steji ya boda yenye mwembe, fuata mfereji mkono wa kushoto, pita kinu cha mahindi, geti la bluu, uliza Mama fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza, maana jina lake la kitambulisho majirani hawalijui. Ongeza kwamba anaenda gulioni Jumanne, kwamba mume ni mlinzi wa usiku na halali mpaka saa nne asubuhi, na kwamba chai mmeshaielezea. Kisha mpeleke mshiriki mmoja wa jirani kwa kila familia mnayoitembelea, wiki mbili za kwanza, usingoje ya mwisho.